Mjusi anachimba usiku kucha, na mchanga nimemletea wa Vumawimbi

Assalaam alaykum Maalim,

Mimi ni msichana wa miaka 19, nakaa Wete na wazazi wangu. Nafuga mjusi wa manjano mwenye madoa meusi mwili mzima, mkia wake mnene kama kidole gumba. Si wa hapa kwetu. Alikuwa wa mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha watalii kuzamia. Mkataba ulipokwisha akarudi kwao, na ami yangu aliyekuwa nahodha wa boti yake akaachiwa tangi la kioo, balbu, na mjusi ndani. Mke wa ami hataki hata kumuona, basi akaniletea mimi. Nimempa jina la Sultani, maana anavyotembea utadhani anakagua shamba lake.

Huu mwezi wa nane ninaye. Yule mgeni alikuwa akimtandikia karatasi za jikoni tu. Mimi nikaona ni dhiki, mnyama wa nchi kavu kulala kwenye karatasi. Mwezi uliopita tulikwenda matembezi ufukwe wa Vumawimbi, nikajaza mfuko wa mchanga, nikaupepeta kwa chekeche kuukuu la unga, nikamwagia tangini kina cha vidole vinne. Ulipendeza, mweupe kama chumvi.

Wiki mbili za mwanzo alitulia. Sasa kila nikizima taa anaanza. Kona ni ile ile, ya nyuma karibu na balbu. Anachimba kwa mikono, kisha anausukuma mchanga kwa miguu ya nyuma, mpaka kucha zinakwaruza kioo. Mchanga unamporomokea, anaanza upya, hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Alikuwa akila nyenje sita au saba, siku moja anakula na siku moja anapumzika. Sasa anakula wawili anageuza uso. Mara tatu nimemuona analamba mchanga wenyewe, na bakuli la maji lipo pale pale. Tumbo limejaa, na akisimama kuegemea kioo naona vitu viwili vyeupe kwa ndani, kimoja kulia kimoja kushoto. Nahofia ni mchanga umemganda.

Nyumbani kila mtu ana dawa yake. Kaka anasema nitoe mchanga niweke maranda kama ya banda la kuku. Jirani anasema nichanganye makonyo, vile vijiti vya karafuu, yataua harufu. Mama anataka nimtandikie mkeka mkuukuu, au bora zaidi nimtoe nje akajitafutie, kwa kuwa mjusi ni mjusi, na huyu hana tofauti na mjusi kafiri wa ukutani.

Maalim, mchanga gani utamfaa? Na nimzuieje asichimbe?

Mwenye Sultani, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma mchanga, kama ulivyoniuliza. Mara ya pili nikasoma tumbo, na hapo nikaona swali lako limekaa mbele ya jambo lenyewe. Kwa dalili ulizoandika, huyo Sultani wako ni jike, na ana mayai.

Hakikisha mwenyewe leo. Tafuta chombo cha plastiki kinachoangaza, safi, mtie ndani taratibu, kinyanyue juu ya kichwa chako penye mwanga wa mchana umtazame kwa chini. Usimgeuze chali mkononi, na mkia usiushike kabisa, akishtuka ataukata. Mayai utayaona kama maumbo mawili marefu kidogo, meupe au yenye wekundu wa mbali, yamelingana kulia na kushoto. Mjusi wa aina hii, ambaye kwa Kiingereza huitwa leopard gecko, hutaga mawili kwa mkupuo. Mchanga uliokwama hauji hivyo, huonekana kama doa zito la rangi ya giza lisilo na umbo maalumu. Ukiwa hapo hapo, tazama mbele kidogo ya tundu la kinyesi. Dume ana mstari wa vitundu vyenye nta vilivyopangika kama herufi V, na nyuma yake vivimbe viwili kwenye shina la mkia. Usipoviona hivyo, basi jina la Sultani litafute mwenyewe mwengine.

Utaniuliza mayai yametoka wapi na miezi minane yuko peke yake. Kuku wa mayai anaishi bandani bila jogoo na kila siku anataga. Huyu naye ni vivyo hivyo, akishakomaa na kushiba anaweza kutaga bila dume, ila mayai hayo hayatoi kitu.

Sasa kuchimba kwake kunasomeka. Jike mwenye mayai hapumziki mpaka apate pahala pa kuyafukia, penye unyevu kidogo, pa giza, na penye udongo unaosimama ukichimbwa. Wewe umempa mchanga mkavu unaomwagika kama sukari. Kila shimo linamfunga usoni, na mwili wake unamwambia hapo bado. Kwa hiyo usimzuie. Ukimzuia atayashikilia mayai ndani, na kwa mjusi hilo ni maradhi yanayoua. Kula kidogo siku hizi nako ni kawaida ya majike, mayai yakishajaza tumbo nyenje hana pa kukaa.

La kulamba ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mayai yanataka madini ya kalsiamu, na asipoyapata kwenye chakula anayafuata popote yalipo. Na wewe, bila kujua, umemmwagia kalsiamu vidole vinne. Mchanga mweupe wa pwani zetu, sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari. Ni kitu kile kile ambacho watu wetu wanakitia katika tanuri la chokaa. Chukua kijiko kimoja cha ule wa Vumawimbi, utilie siki, usogeze sikio. Utausikia unachemka. Siki ni asidi, na kalsiamu inapambana nayo. Ndiyo kazi itakayoifanya pia ndani ya tumbo la mjusi, kuua asidi anayoyeyushia chakula, kisha kushikamana na kuwa donge. Huko nje kuna maduka yanauza mchanga wa kalsiamu kwa ajili ya mijusi, umetiwa na rangi, na maandishi kwamba ukiliwa unayeyuka. Wanyama wengi wamepasuliwa kwa ajili ya maandishi hayo. Wako ameupata bure, na juu yake una chumvi ya bahari na vipande vya kombe vyenye makali ambavyo chekeche la unga haliviondoi vyote.

Kosa hilo ni la wengi, nami nimo. Tunasikia mnyama wa nchi kavu, tunafikiria matuta ya mchanga ya kwenye picha. Kwao huyu ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi ya India, na hakai kwenye matuta. Anakaa penye mawe na udongo mgumu uliokaukiana, na mchana hujificha nyufani na mashimoni. Wa kwangu wa kwanza nilimpa mchanga kwa mapenzi kama wewe, na sikuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Leo hii, kabla ya magharibi, utoe mchanga wote. Futa tangi kwa kitambaa na maji ya moto, likauke, urudishe karatasi za jikoni kama alivyofanya yule mgeni, ambaye nadhani alijua kazi yake. Kisha mtengenezee chumba cha kutagia. Kopo la aiskrimu la lita mbili linatosha. Kwenye kifuniko kata tundu ambalo atapita na tumbo lake lote, na ukingo uupitishe kwenye moto wa mshumaa usimkwaruze. Ndani jaza kina cha sentimita nane hivi za udongo uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi.

Hapa nisimame kidogo, maana Pemba makumbi tunayo kila kona lakini si kila kumbi linafaa. Yale yaliyofukiwa pwani kwenye tope kwa ajili ya kamba za usumba yana chumvi na uvundo, yaache. Chukua kumbi kavu la nazi iliyofuliwa nyumbani, ulipondeponde, ukung'ute lile vumbi la kahawia linalobaki ukishavuta nyuzi. Nyuzi zenyewe zitupe. Uzi mmoja ukimzunguka kidole cha mguu unakata damu, na kidole kinaanguka. Vumbi lioshe kwa maji ya bomba mara tatu nne mpaka maji yasitoke na rangi ya chai. Udongo uchukue mwekundu, pasipotiwa mbolea wala dawa ya wadudu, uuchekeche na uuanike juani siku nzima, maana ukiingiza sisimizi ndani ya tangi umemwingizia maadui. Changanya nusu kwa nusu, nyunyiza maji, kisha fanya konzi. Ukifungua mkono donge libaki limeshikana na alama za vidole zionekane. Likivuja maji ni tope. Likisambaratika ni kavu.

Kopo liweke upande wa joto lakini si chini ya balbu hasa, kisha mwache. Funika kioo kwa khanga ukipenda, asikuone ukimchungulia. Kwa kawaida atataga usiku, na asubuhi utamkuta tumbo limeingia ndani, ngozi ya mbavuni imelegea. Hapo mpe maji safi na nyenje wa kutosha. Mayai yatupe. Na usishangae wiki mbili tatu zijazo akianza tena kukwaruza, msimu mmoja anaweza kurudia mara kadhaa. Kopo libaki humo.

Kalsiamu anayoitaka mpe kwa njia yake. Unga wa kalsiamu wenye vitamini D3 ndio bora, mwambie ami yako aagize kwa mtu anayetoka Dar. Wakati unasubiri, ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni unafaa. Uloweke maji baridi siku mbili ukibadilisha maji, uchemshe, uanike, kisha uukune uwe laini kama unga wa mchele. Nyenje watikise humo ndani ya mfuko kabla ya kumpa, na kiasi kidogo uweke kwenye kizibo cha chupa, akitaka kulamba alambe hapo. Utaniambia mfupa wa dome na mchanga wa matumbawe si ni kalsiamu ile ile? Ni ile ile. Tofauti ni chembe na kiasi. Vumbi linalong'ang'ania mgongoni mwa nyenje linayeyuka, mdomo uliojaa mchanga haupiti.

Sijasema kwamba tumbo lake halina mchanga kabisa, amekwisha kuulamba. Mtazame kinyesi kwenye karatasi. Ndiyo faida yake karatasi, kila kitu kinaonekana. Akitoa kinyesi chenye chembe za mchanga, shukuru. Zikipita siku tano au sita hakuna kitu, au anakaza mwili bila kutoa, au anaburuta miguu ya nyuma, au macho yameingia ndani na hataki kutoka mafichoni, nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona amechimba kopo zuri siku tatu nne na mayai yamo ndani bado huku anazidi kulegea. Daktari atakwambia amezoea ng'ombe na mbuzi. Mwambie unachotaka ni picha ya tumbo na ushauri wa sindano ya kalsiamu, na mwonyeshe barua hii. Wakati wa kungoja safari, mwogeshe maji ya uvuguvugu yasiyozidi mabega yake, robo saa, ukimshika kifua. Mafuta ya nazi usimtie mdomoni kwa nguvu, yakipotea njia yanaingia mapafuni.

Na joto. Mjusi hana moto wa ndani, chakula chake kinayeyuka kwa joto la sakafu aliyolalia. Mchanga unakwama haraka kwa mnyama mwenye baridi na kiu kuliko kwa mwenye afya. Upande wa balbu, pale chini anapolaza tumbo, pafike nyuzi 32 hivi, na upande wa pili pabaki kwenye 25 au 26. Kwetu hilo si kazi, usiku wa Pemba balbu izime kabisa. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kiganja.

Wapo wanaochimba bila mayai, nikuandikie kwa ufupi ili mwakani usiseme kila kwaruzo ni mtoto. Anayehamia nyumba mpya huchimba akitafuta mlango. Anayekaribia kujivua ngozi, rangi yake ikifubaa, hutafuta unyevu. Aliyezidiwa na joto hutafuta ubaridi chini. Asiye na pa kujificha hujitengenezea, kwa hiyo mpe maficho mawili, moja kila upande, hata kigae cha chungu kilichovunjika. Na wengine huchimba tu kwa sababu wao ni wachimbaji.

Nije kwa washauri wako wa nyumbani. Kaka anajua kuku. Maranda yanafaa kwa kuku kwa kuwa yanakunywa kinyesi, lakini mjusi akiruka kumkamata nyenje anameza na kibanzi cha mbao, na mbao zenye harufu kali zinamuumiza mapafu. Mkeka wa mama una nia njema, ila kucha zinanasa kwenye ukili na uchafu unaingia pasipooshekeka.

Makonyo ndiyo ningependa jirani yako anisikie. Kiwanda cha pale Wawi kinakamua mafuta kutoka kwenye makonyo, si kwa sababu ni takataka bali kwa sababu yamejaa mafuta makali. Sisi tunayasikia vizuri puani kwa kuwa tumezaliwa nayo na kwa kuwa sisi ni wakubwa. Mnyama wa uzito usiofika gramu mia, amefungiwa kwenye kioo chenye balbu inayopasha yale mafuta yapande hewani mchana kutwa, hana pa kukimbilia. Harufu ya mjusi dawa yake ni kuokota kinyesi kila siku. Na huyu hukusaidia, anachagua kona moja akaifanya choo.

Akishataga akatulia, sakafu ya kudumu ninayokushauri ni vigae. Nenda kwa fundi anayejenga, omba vipande vilivyobaki, uvipange upande usio na utelezi ukiwa juu, usiache mwanya wa nyenje kujificha. Vinashika joto, vinaoshwa, vinamkata kucha. Huko Ulaya na Marekani wafugaji wengi siku hizi wanapenda udongo na mchanga wa kawaida usio wa matumbawe, saba kwa tatu, ukashindiliwa na kukaushwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya nyumba ya udongo. Ni kitu kizuri kwa mnyama mzima mwenye afya, na anapata kuchimba kwa haki yake. Lakini jaribu kuukausha Wete katikati ya masika. Utaota kuvu kabla ya kukauka. Kwa hewa yetu, vigae na lile kopo la udongo kona moja vinampa vyote viwili.

Mama yako muamkie. Kwa upande wa dini, la mjusi kafiri amuulize mwenye elimu yake, mimi naweza kusema la macho tu. Mjusi kafiri hana kope, hujilamba macho kwa ulimi, na vidole vyake vinamshika ukutani. Huyu wako anafumba na kufumbua kama sisi, na ukuta hauwezi, atateleza. Hofu ya mama iliyo na haki ni moja, bakteria wa salmonela. Mikono kwa sabuni kila ukimgusa, bakuli zake zisioshewe jikoni, na watoto wadogo wasimbusu.

Kumtoa nje, hapana. Ama atakufa na unyevu, ama ataliwa na paka, na hata akipona hatakiwi. Kunguru hawa wanaotupokonya vitumbua waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na mpaka leo hatujawamaliza. Pemba ina mjusi wake wa kijani wa kwenye minazi na migomba, ambaye hapatikani kwengine kokote duniani, tusimletee mgeni mwenye maradhi ya tangini. Muulize pia ami yako kama yule mgeni aliacha karatasi zozote za kibali, na kama hakuacha, ofisi ya mifugo ikuelekeze.

Ule mchanga uliobaki mfukoni, ambao mjusi hajaukanyaga, msugulie mama masufuria yake. Huenda akalainika.

Maalim